Ng'ombe Aliyevua Koti

Tangu nistaafu na kurudi Tumati, kwetu milimani, majirani wamepata kitu cha kuchekea. Mwalimu mzima, mzaliwa wa hapahapa, nakwenda kuchota maji nimevaa masweta mawili, shuka begani na soksi ndani ya kandambili. Miaka yote ya kazi nilikuwa Morogoro, na Morogoro imeniharibu. Asubuhi ukungu ukishuka hadi mlangoni, vidole vyangu vinakataa kushika kisu cha kumenyea viazi, na watoto wanaopita kwenda shule wananiamkia "Shikamoo mwalimu" kwa sauti ya huruma, kana kwamba wamekuja kumwona mgonjwa. Mwezi wa kwanza nilivumilia. Mwezi wa pili nilianza kujiuliza kama nilifanya vizuri kurudi. Nyumba ninayo, shamba ninalo, lakini mwili unagoma, na mtu wa umri wangu akigomewa na mwili wake hana pa kwenda kushitaki. Siku moja nikiwa nimejikunyata jikoni, miguu karibu iingie motoni, simu ikalia. Alikuwa Udamasi, kutoka Dirma, kule chini Hanang. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na mvua, kisha akasema, "Mama anasema uje. Anasema uje uchukue ng'ombe wako."

Nilimwambia mimi sina ng'ombe Dirma. Alicheka tu. "Hayo mtaongea wenyewe, mwalimu. Mimi nimetumwa." Nilipokata simu chai ilikuwa imepoa kikombeni, nami nilikuwa tayari nimefika mbali sana, kwenye mwaka ule niliomaliza kidato cha nne na kukaa nikisubiri matokeo. Nimefundisha biolojia maisha yangu yote, na watu wengi hudhani niliipendea darasani. Niliipendea kwenye zizi la mama yake Udamasi.

Kwetu mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anamwekesha mmoja kwa rafiki wa mbali. Rafiki anakunywa maziwa, anapata samadi, na katika ndama wanaozaliwa anapewa mmoja awe wake. Mwenye ng'ombe anajua kwamba ugonjwa au ukame ukimkuta huku, kule bado ana kitu. Ni desturi nzuri, na imeokoa nyumba nyingi. Lakini walioianzisha walikuwa na ng'ombe wa kienyeji, wale wenye nundu na ngozi nyepesi, ambao ukiwashusha bondeni wanauliza tu majani yako wapi. Shangazi yangu Felista, aliyekuwa mkaidi kwa mambo yote isipokuwa misa, alimshusha Sista. Sista alikuwa chotara wa kisasa, mnene, mwenye manyoya marefu ya kukabiliana na ukungu wetu. Aliitwa Sista kwa sababu ya rangi zake, nyeusi na nyeupe kama vazi la masista wa misheni, na pia kwa sababu, kama alivyosema Shangazi, hakutaka kushikwa na mwanamume yeyote. Alikuwa na mimba. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyumbani bila kazi, nikaambiwa niende naye, nimtunze mpaka azae.

Tulisafiri kwa lori la mahindi la mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh, Sista amefungwa nyuma, mimi nimekaa juu ya magunia nikimsemesha. Kadiri tulivyoshuka ndivyo nilivyovua nguo: kwanza shuka, kisha sweta, mwishowe nikabaki na blauzi na aibu. Sista hakuwa na cha kuvua. Tulipofika Dirma, Mama Udamasi alitoka nje akiwa amembeba Udamasi mgongoni, wakati huo mtoto anayeanza kusimama. Alikuwa mwanamke wa Kibarbaig, mrefu, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, lakini alikuwa akimtazama ng'ombe. Akamzunguka polepole. Akachomeka vidole kwenye yale manyoya, vikazama.

"Mmemleta na koti lake," alisema.

Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Baadaye nilielewa kwa nini. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemaliza ng'ombe wake wote, wale aliopewa siku ya ndoa yake, ambao kwa mwanamke wa kwao ni mali yake na ni heshima yake. Mume wake alikuwa amebakiwa na wachache waliokonda, wasio na maziwa. Yeye alibaki na mbuzi. Makubaliano yake na Shangazi yalikuwa kwamba ndama wa kwanza wa Sista kuzaliwa Dirma, akiwa jike, atakuwa wa Mama Udamasi moja kwa moja. Kwa hiyo alipokuwa akimgusa yule ng'ombe alikuwa anagusa zizi lake jipya, na aliliona linahema.

Nyumba yao ilikuwa ndefu na ya chini, ya udongo, na ndani kulikuwa na ubaridi mzuri ambao kwa siku za mwanzo ulikuwa ndio rafiki yangu pekee. Nilipewa kitanda cha ngozi karibu na ukuta ambapo vibuyu vya maziwa vilitundikwa, vyote vitupu, vikinukia moshi wa ule mti wanaochoma kusafishia. Mama Udamasi alivisafisha hata hivyo, kila baada ya siku chache, akavirudisha ukutani. Sikuthubutu kumwuliza anaviandaa kwa ajili ya nini. Tulikula ugali kwa mlenda, au ugali kwa maharage yangu niliyotoka nayo nyumbani, na mtoto alikunywa uji mtupu, bila maziwa. Nilikuwa mtu wa kupenda kula na nilinung'unika kimoyomoyo. Nasema hivyo ili msije mkadhani nilikwenda kule nikiwa malaika.

Sista alianza kuharibikiwa wiki ileile. Shangazi alikuwa ameniagiza nisimlaze nje kwa lolote, kwa sababu kwetu ng'ombe hulala ndani, na zamani walilala chumba kimoja na watu, wao wakitupasha joto sisi na sisi tukiwapasha wao. Mume wa Mama Udamasi, kwa heshima ya shangazi yangu, alijenga banda la udongo lisilo na dirisha. Lilikuwa tanuri. Mchana Sista alisimama mdomo wazi, ulimi nje, mate yakimchuruzika hadi chini, mbavu zikipanda na kushuka kwa kasi ya kutisha. Alikataa majani. Maziwa kidogo aliyokuja nayo yakakauka. Mama Udamasi aliingia mle ndani, akatoka anavuja jasho, akachukua jembe na kubomoa ukuta wa upande wa upepo bila kumwuliza mtu.

Alasiri moja nilikuwa ndani nachambua maharage, nikasikia Mama Udamasi akizungumza nje na bwana mifugo aliyekuja kutoka Katesh. Alikuwa kijana mpole, mwenye pikipiki iliyochoka.

"Mama, huyu ni wa baridi," alisema. "Chakula kile anachokula kinamwongezea joto ndani, na lile joto halina pa kutokea. Ndiyo maana ameacha kula. Anajiokoa."

"Nimrudishe?"

"Kwa mimba hiyo, juu ya lori? Sikushauri. Mwili wake unaweza kuzoea ukipewa nafasi. Kivuli, maji mengi, majani umpe asubuhi sana na jioni. Ila sijui kama ataupata muda wa kutosha kabla hajazaa."

Kisha Mama Udamasi akasema, kwa Kiswahili chake cha polepole, "Akifa hapa, watu wa juu watasema tumemuua. Akirudi, ndama anazaliwa Tumati, na mimi nabaki na vibuyu. Mtoto wangu anakunywa uji mweusi, bwana mifugo. Nimpe huyo ng'ombe nini ili akae? Niambie, nitampa."

Nilibaki na maharage mkononi. Mpaka siku ile nilikuwa nimewahesabu wale watu kama wenyeji wangu tu, na yule ng'ombe kama mzigo niliotwishwa. Nilitoka nje, nikamwamkia bwana mifugo, nikamwomba anieleze tena taratibu. Akaniangalia, akaona kumbe kuna mtu wa kuelezwa, akakaa chini.

Tukafanya alivyosema. Tulijenga kivuli cha matawi ya migunga mahali ambapo upepo wa mlima Hanang ulipita. Tulimwogesha Sista kwa matambara mabichi shingoni na mbavuni. Nilichota maji mpaka kichwa kikawa na kovu la ndoo, au ndivyo nilivyolalamika. Mabadiliko yalikuja kimyakimya. Kwanza nilikuta manyoya kwenye tambara, nikadhani anaumwa ngozi. Kisha yakawa yanatoka kwa mafungu, yakashika kwenye miiba ya zizi, ndege wakayachukua kwenda kujengea viota. Chini yake ikatokea ngozi yenye manyoya mafupi, laini, ya kung'aa, ambayo sikuwahi kuijua. Akaanza kunywa maji kwa pupa na kula kukiwa na ubaridi, na adhuhuri akalala kivulini akicheua kwa utulivu kama mwenyeji. Nami pia nilikuwa nimebadilika bila kujua. Damu ya pua iliyonitoka siku za mwanzo ilikoma. Jasho langu, lililokuwa linaonekana kama lina chumvi yote ya ziwa Balangda, lilikuwa sasa jepesi na lilianza mapema, kabla sijasikia joto. Mama Udamasi alinishika mkono siku moja, akageuza kiganja, akaniambia, "Na wewe umevua."

Sista alizaa asubuhi moja ya jua kali, na Shangazi Felista alikuwapo. Alikuwa ameletwa na lori lilelile siku iliyotangulia, na mablanketi mawili, na uzoefu wa ndama wa ukungu. Ndama alikuwa jike. Mama Udamasi alipoona hivyo aliketi chini ghafla, pale pale kwenye samadi. Lakini alikuwa ndama mdogo, mdogo kuliko ndama wote niliowahi kuona kwetu. Ile miezi ya joto tumboni ilikuwa imemdai. Hakusimama. Alitafuta chuchu mara moja, kichwa kikaanguka. Kwetu Tumati ndama dhaifu ni ndama aliyeshikwa na baridi, na hilo Shangazi alilijua kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa ameokoa wengi. Hakupoteza dakika. Akamfunga ndama blanketi, akamkamua Sista ile dang'a, maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, karibu yote iliyokuwamo kwenye kiwele, akaibandika sufuria jikoni ili ndama apate kitu cha moto tumboni.

Nilikuwa nashikilia kichwa cha ndama wakati aliponiita nilete chupa. Nikaingia jikoni. Shangazi alikuwa amesimama na mwiko, anaangalia ndani ya sufuria kama mtu aliyefungua sanduku akakuta si lake. Dang'a ilikuwa imeganda. Ilikuwa kipande kimoja cha manjano, kinatetemeka, kama yai lililochemshwa. Kwetu, kwa kuni zetu mbichi na baridi yetu, aliibandika kidogo tu ikawa vuguvugu, ndivyo alivyozoea. Kuni kavu za Dirma hazikumpa nafasi hiyo.

"Tutaongeza maji," alisema. "Tutaikoroga."

Na hapo ndipo darasa lilinirudia, lote, hata harufu ya chumba cha maabara. Mwalimu wetu alikuwa ametia ute wa yai kwenye vibomba viwili vya kioo. Kimoja akakiweka kwenye maji ya vuguvugu, ute ukabaki ute. Kingine akakipitisha kwenye moto, ukawa mweupe. Kisha akakitumbukiza hicho cha pili kwenye maji ya baridi na kutuuliza kwa nini haurudi. Protini, alisema, ni uzi mrefu uliokunjwa kwa namna yake, na kazi yake yote iko kwenye ule mkunjo. Joto la mwili haliudhuru. Joto la moto linaukunjua, nyuzi zinashikana ovyo, na hata ukipooza, haukunjiki tena kama ulivyokuwa. Niliandika hayo kwenye mtihani kama nilivyokariri. Sasa nilikuwa nayaona ndani ya sufuria, na nilijua kilichokuwa mle: kinga yote ambayo mama anampa mtoto wake kwa siku ya kwanza tu, kwa sababu baada ya siku ile utumbo wa ndama haufunguki tena kuipokea.

"Shangazi, hii haitamsaidia. Dawa yake imekufa."

"Maziwa hayafi, mtoto wewe!"

"Haya yamekufa. Tunahitaji mengine leo hii, na yasiguse moto."

Alinikazia macho. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia Shangazi hivyo, na bila shaka si msichana anayesubiri matokeo. Mama Udamasi alikuwa mlangoni. Alitazama sufuria, akanitazama mimi, kisha akaenda kumfungua ndama lile blanketi. "Huyu hana baridi," alimwambia Shangazi kwa upole. "Dada, weka mkono hapa. Huyu anaungua." Shangazi akaweka mkono. Nilimwona anabadilika uso. Akatupa blanketi kando, akavua na viatu, akasema, "Basi mniambie maji yako wapi."

Tulimhamishia ndama kivulini, tukampepea kwa kanga. Tulimmwagia Sista maji mgongoni, tukampa ya kunywa kadiri alivyotaka, na Shangazi akakaa chini ya tumbo lake akimkanda kiwele, akimwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, maana alikuwa wake na alimzoea. Ilichukua muda mrefu. Nilijua kama hakitakuja kitu ndama atakufa kesho au keshokutwa kwa kuhara, na sikumwambia mtu. Jua lilipoanza kulegea Sista akashusha maziwa, si mengi, bado mazito, bado ya manjano. Tuliyakamulia moja kwa moja kwenye chupa ya soda. Hakukuwa na haja ya kupima chochote. Kiwele kilikuwa kimeyatoa yakiwa na joto lake sahihi. Ndama alikunywa kidogo, akachoka, akapumzika, na upepo wa mlima ulipoanza kupoza chupa, Mama Udamasi aliitia kwenye karai la maji lililoshinda juani. Nilizamisha mkono. Yalikuwa na joto la mwili wangu, sikuweza kusema maji yanaanzia wapi. Lile jua tulilokuwa tumelilaani miezi yote lilikuwa limetupashia maji vizuri kuliko jiko.

Ile dang'a iliyoganda tuliila sisi jioni, na chumvi kidogo. Udamasi alilambishwa kwenye kidole, akafumba macho. Ilikuwa tamu sana. Shangazi alikula mafungu mawili na kusema kwamba angalau hakuharibu chakula cha watu, tukacheka mpaka Mama Udamasi akafuta machozi, na machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake. Asubuhi nilipoamka alikuwa hayumo ndani. Nilimkuta zizini. Ndama alikuwa amesimama, miguu minne ikielekea pande nne, pua kwenye kiwele, mkia unacheza. Nilimtazama Mama Udamasi na nikajua kwamba hicho ndicho nilichotaka kufanya na maisha yangu, kujua mambo ya aina hiyo na kuyafikisha kwa watu kabla sufuria haijabandikwa.

Matokeo yalikuja, nikafaulu, nikaondoka. Nilipoaga, kibuyu kimoja ukutani kilikuwa kimejaa. Miaka yote iliyofuata, kila nilipofika somo la protini, niliwaambia wanafunzi wangu wa Morogoro kuhusu Sista na sufuria ya shangazi yangu. Niliwaambia kuna joto linalokubadilisha ukabaki wewe, na kuna joto ambalo ukipita hakuna kurudi, na kazi ya mtu ni kujua tofauti. Wakicheka nilijua wameelewa. Lakini baada ya kustaafu, nikitetemeka jikoni kwangu, nilianza kuogopa kwamba mimi mwenyewe nilishapita upande wa pili.

Basi nikaenda Dirma. Mama Udamasi sasa ni bibi, magoti yamemchakaa, ila macho ni yaleyale. Shikamoo yangu aliipokea akiwa ameketi, akanivuta mkono nikae karibu. Udamasi akatuletea maziwa ya mgando. Ng'ombe waliporudi jioni niliacha kunywa: wengi walikuwa na nundu, lakini mmoja alikuwa na paji jeupe, mwingine miguu myeupe, mwingine baka jeusi ubavuni, rangi za Sista. Mama Udamasi akanyoosha fimbo kwenye mtamba mmoja mweusi mwenye kifua cheupe. "Huyo ni wako. Mimi nilipewa ndama. Shangazi yako amekufa hajachukua kitu. Umerudi Tumati, na mtu harudi nyumbani mikono mitupu."

Nilisema neno la kijinga la kitaalamu. "Mama, huyu amezaliwa jotoni. Ngozi yake ni nyepesi mno. Kule juu baridi itamuua."

"Sista alikuja na koti, akalivua," alisema. "Huyu atalivaa. Mpe kivuli cha baridi kama ulivyompa yule kivuli cha jua. Na muda. Na wewe acha kukaa jikoni, Udamasi ameniambia."

Huku Tumati mtamba alilala ndani mwanzoni, kwenye chumba kilichopakana na cha kwangu, nami nikaamka kila alfajiri kumpelekea majani, kwa sababu ng'ombe hajui kwamba mwenye ng'ombe anasikia baridi. Aliharisha kidogo, alikonda, alisimama akitetemeka kwenye ukungu akinitazama kwa lawama. Nilimsemesha kama nilivyomsemesha Sista kwenye lori. Mwezi Julai, asubuhi moja nyeupe, nikiwa namsugua mgongo, vidole vyangu vilizama. Nikavitoa, nikavirudisha. Vilizama tena. Nilisimama pale nikicheka peke yangu mpaka mtoto mmoja wa shule akasimama kuniangalia.

Simu ikalia nikiwa bado zizini. Udamasi alimpa mama yake simu moja kwa moja.

"Amevaa koti?"

"Amevaa, mama."

"Na wewe?"

Nilijitazama. Shuka na sweta la pili vilikuwa vimebaki kitandani, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu tangu alfajiri.

"Mimi nimevua sweta moja," nilimwambia.